Bonyeza Tatu Ujitoe

Shahada yangu niliisoma jioni, kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakigusana na ndevu. Chuo chetu hakikuwa na jengo. Kiliazima shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na shule yenyewe ilikuwa haijarudishiwa nusu ya mabati yake tangu watu waliporudi mjini baada ya vita, kwa hiyo mvua ikinyesha tulisoma upande wa kushoto na kuogelea upande wa kulia. Ukutani palikuwa na irabu tano kubwa za bluu walizochorewa watoto. Chini ya hizo irabu mhadhiri wetu alirusha slaidi zake: mbinu za utafiti, afya ya kidijitali, na somo alilolipenda kuliko chakula, bioetika. Bioetika, alivyotueleza, ni elimu ya kujua lipi unaweza kumfanyia binadamu kwa jina la sayansi, na lipi mpaka umwombe kwanza.

Alikuja kwa ndege kutoka mji mkuu, wiki moja kila mwezi, na begi la magurudumu. Magurudumu hayo hayakupata kugusa kitu huku kwetu ila mchanga, basi begi akalikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Tulimwita Dotori kwa sababu alitaka tumwite hivyo, na kwa sababu udaktari alikuwa nao kweli, si wa sindano bali wa vitabu. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, maana huko mbele sitapata nafasi.

Mimi mchana nachaji simu. Kibanda changu kiko kando ya soko, mabamba ya jua juu ya paa, na nyaya ndani nyingi kuliko nywele za kichwa changu. Simu za mtaa mzima zinashinda kwangu, kila moja na kipande cha plasta cha rangi yake ili nisimpe mtu simu ya jirani. Na huku kwetu mchaji hachaji tu. Simu ya mteja ikilia, anaipokea. Ndiyo kazi. "Haloo, mwenyewe yuko shambani, atarudi alasiri, nimwambie nini?" Nimepokea habari za ndoa kabla ya bwana harusi, nimepokea misiba na kulia kwa niaba ya wenye msiba, na nimetongozwa na nusu ya wanaume wa Mtwara waliodhani mimi ni mdogo wa kike wa mwenye simu, ana mafua tu. Mchaji asiyepokea simu za watu ataambiwa ana kiburi, na kesho kibanda kitupu.

Dotori hakupata kuniuliza mchana nafanya kazi gani.

Muhula wa afya ya kidijitali alituletea mradi wake. Kulikuwa na kompyuta mahali fulani mji mkuu, na wafadhili mahali fulani mbali zaidi, na kompyuta hiyo ingewatumia wanawake wajawazito ushauri kwenye simu zao. Sisi wanafunzi tulitakiwa kuleta washiriki. Asiye na mshiriki hana alama, asiye na alama hana shahada.

"Piteni nyumba kwa nyumba," akasema. "Mnapiga hodi, mnauliza kwa adabu: kuna mjamzito hapa?"

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alisoma na sisi kwa sababu wakubwa zake walimwambia bila cheti atabaki pale alipo. Akainua mkono.

"Dotori, ukipiga hodi hapa ukauliza kuna mjamzito, hutoki na jibu. Unatoka na maji ya kuoshea samaki."

Alisema kweli tupu. Huku kwetu mimba haitangazwi. Inajitangaza yenyewe siku leso inapokataa kufunga. Kabla ya hapo mwanamke ana malaria, ana gesi, amechoka na jua. Hata mumewe anajifanya hajui kinachoendelea, jambo ambalo kwa wengi wetu halihitaji mazoezi.

Dotori akageuka, akaandika ubaoni: kizuizi cha kitamaduni. Akatwambia tukivuke.

Sikuwa na wa kumwomba ila dada yangu, na kabla sijaendelea lazima mjue kilichokuwa kinamsumbua. Dada ndiye aliyenifundisha kusoma. Ameolewa mtaa wa pili, mumewe ni mlinzi kisiwani Vamizi na hurudi mara moja moja, kwa hiyo nyumba ni ya dada na mama mkwe wake. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, na zote mbili zilijulikana mapema. Wanawake waliokuja kumpongeza ndio hao hao waliorudi kumpa pole, na leso zile zile. Na baadaye kila alipokwenda kisimani palitokea mmoja wa kuinamisha kichwa upande na kuuliza kwa sauti ya asali, "Na sasa je?" Mpaka akawa anachota maji mchana wa jua kali, saa ambazo hata mbuzi wamejificha.

Hii ya tatu aliijua mumewe, aliijua yule muuguzi, na niliijua mimi kwa sababu nilimwona anakataa samaki.

"Safari hii atakayenitangaza ni tumbo lenyewe," akanambia. "Mpaka siku hiyo, ukifungua mdomo wako nitaushona."

Nikamweleza mradi. Akauliza jambo moja tu: ujumbe utakuja vipi? Nikamwambia kwa maandishi. Hapo akatulia, maana simu ilikuwa moja kwa nyumba nzima, ila mama mkwe herufi zake ni za msahafu tu, hizi nyingine kwake ni mdudu na mdudu. Dada akaichukua karatasi ya ridhaa, akaisoma mpaka mwisho, kitu ambacho mimi mtafiti mwenyewe sikuwa nimekifanya, akaona pameandikwa "kwa maandishi", akatia saini.

Mwezi wa kwanza ulipita salama. Kompyuta ilimwandikia, dada alisoma, akafuta, kisha akapita kibandani kwangu kuitukana.

"Inanambia nile mboga za majani na maziwa na mayai. Huyo kuku inamleta yenyewe?"

"Hilo halimo kwenye mradi."

"Mwambieni basi aangalie bei sokoni kabla ya kuniandikia."

Mwezi wa pili Dotori akaja amejaa furaha, na begi lake kifuani. Wafadhili walikuwa wameona kwamba wanawake wa pwani hawasomi. Tangu sasa kompyuta itapiga simu na kuzungumza, kwa Kiswahili, kila Jumatatu asubuhi.

"Umewauliza wenyewe?" akasema muuguzi.

"Washiriki ni wale wale. Ridhaa walishatoa."

"Walitoa ya maandishi."

"Mama, ridhaa ni ridhaa."

Alisema hivyo mtu ambaye jioni iliyotangulia alitumia saa nzima kutufundisha kwamba aliyekubali kutolewa damu hajakubali kukatwa mguu. Tuliandika yote mawili kwenye madaftari yetu. Nani ajuaye lipi litaulizwa.

Jumatatu hiyo nilikuwa na mikono miwili iliyojaa nyaya na mdomo uliojaa bajia. Simu ya plasta nyekundu ikalia. Nikaipokea, nikabonyeza kipaza sauti kwa kiwiko.

"Haloo, mwenyewe yuko shambani."

"Hongera, mama mtarajiwa!" ikasema sauti ya mwanamke, Kiswahili cha taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi.

"Ahsante," nikasema, kabla akili haijafika.

Ikalia ya plasta ya manjano. Hongera, mama mtarajiwa. Ikalia ya plasta nyeupe. Hongera. Na sikuwakatia, maana kumkatia mtu maneno katikati ni utovu wa adabu, hata awe kompyuta. Nikasikiliza mpaka mwisho namna ya kulala kwa ubavu, namna ya kuzuia kichefuchefu, na dalili za hatari. Nadhani pwani yote ya kaskazini hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kujifungua kama mimi asubuhi ile.

"Wewe, una mimba ngapi?" akauliza muuza bajia wa jirani, machozi ya kicheko yakimtiririkia kwenye mafuta.

"Si zangu, nawashikia watu."

Sikumaliza kucheka ikalia ya plasta ya kijani. Ya dada. Na pale pale, kwenye kona ya duka la nguo, namwona mama mkwe wake anakuja kuichukua, ameshanyoosha mkono tangu barabarani.

Nikaibana simu sikioni mpaka sikio likawa bapa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Kampuni ya simu, mama. Wanatangaza."

"Mbona nasikia wanasema mama?"

"Wanaheshimu wateja."

"Tangu lini? Hebu nipe na mimi niheshimiwe."

Ndani ya sikio langu sauti ilikuwa inasema katika mwezi huu wa tatu mtoto ameanza kuwa na kucha. Nikakifungua kifuniko cha nyuma, nikang'oa betri.

"Betri imechoka, mama. Iache mpaka kesho."

"Asubuhi ilikuwa nzima."

"Imechoka ghafla."

"Kama wewe na kazi," akasema, akaondoka akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili tatu.

Dada alikuja alasiri, ameshasikia mtaani kwamba kwa mchaji kuna simu zinapongeza. Hakukaa.

"Nitoe," akasema.

Na mambo yalivyo, jioni ile ile Dotori alikuwa anafundisha haki ya kujitoa. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, bila adhabu. Alitusomesha kwa sauti, sote pamoja, watu wazima na vipara vyetu chini ya zile irabu. Siri za washiriki sote tulikuwa tumeziapia mbele ya muuguzi, haziendi nje ya mlango ule. Nikainua mkono.

"Dotori, dada yangu anajitoa."

Macho yakamng'aa. Nadhani miaka yote aliyofundisha haki ile hakupata kukutana na mtu anayeitaka.

"Vizuri sana! Ni rahisi. Simu ikipigwa, asikilize mpaka mwisho. Atapewa machaguo. Bonyeza moja, rudia ujumbe. Mbili, nimejifungua. Tatu, mimba imetoka. Abonyeze tatu. Mfumo hautampigia tena."

"Lakini mimba haijatoka."

"Ni namba tu."

"Hakuna nne?"

"Nne ya nini?"

"Ya nimechoka nanyi."

Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mfumo ulibuniwa na wataalamu wa nchi kadhaa, wakakaa vikao, wakala chakula cha mchana, wakajadili kila njia ambayo mwanamke anaweza kutoka kwenye mradi. Na katika vikao vyote hivyo haikumpitikia mtu kwamba mwanamke anaweza kuwa bado ana mimba yake na bado akataka aachwe.

Nilimkuta dada anatwanga kisamvu. Nikamweleza ile tatu. Mchi ukasimama.

"Nibonyeze kwamba imetoka?"

"Ni namba tu, dada."

"Bonyeza kwenye yako."

"Mimi sina."

"Basi usiniletee." Akatwanga kidogo, akaacha tena. "Mara mbili neno hilo nimeambiwa na watu. La tatu nijiambie mwenyewe, kwa kidole changu, ili kompyuta ipumzike?"

Nikasema naweza kubonyeza mimi, kwa niaba. Alinitazama kama alivyonitazama utotoni siku aliponikuta nafuturu saa nane mchana nyuma ya banda la kuku. Sikurudia.

Mambo yakazidi kubana. Mama mkwe alichoka na betri inayochoka ghafla, akaja kibandani akaichukua simu yake.

"Kama kuchaji kumekushinda, sema. Nampelekea yule wa karibu na msikiti."

Yule wa karibu na msikiti! Nampenda, ni mwenzangu wa kazi, lakini ukimwambia jambo kabla ya adhuhuri, alasiri linazungumzwa ng'ambo ya Ruvuma. Jumatatu iliyofuata kompyuta ingepiga, yeye angepokea, na dada angerudi kuchota maji saa mbuzi wamejificha.

Jumamosi jioni dada akaja darasani mwenyewe. Alivaa leso zake nzuri, akaketi dawati la mbele. Dotori alikuwa ameunganisha simu yake na projekta, anatuonyesha ukutani mfumo unavyofanya kazi, kila anachogusa kinaonekana kikubwa kama mlango.

"Na huyu mwenzetu ni nani?"

"Mshiriki," akasema dada, kwa Kireno chake cha shule, kilichonyooka kuliko changu.

Dotori alifurahi mpaka akatafuta kamera. Mshiriki wa kweli, darasani! Akataka wapige picha wakiwa wameshikana mikono.

"Kabla ya picha, nitoe."

"Mama, hilo nilishamweleza kaka yako. Nipe simu nikubonyezee mimi mwenyewe, dakika moja." Akanyoosha kiganja.

Dada hakutoa simu. "Tumia yako. Una mke?"

"Ninaye."

"Ana mimba?"

Dotori akajinyoosha, uso ukamchangamka. "Mwezi wa tano. Mtoto wa kwanza."

"Mwandikishe. Halafu bonyeza tatu. Nikikuona umebonyeza, nami nabonyeza papa hapa."

Akacheka. Akatutazama tumsaidie kucheka. Hakuna aliyemsaidia. Na lazima niseme hapa, alikuwa mtu wa hoja; ukimwekea hoja mbele hawezi kuipita, kama mlevi na baa. Akaanza kuandika. Ukutani tukaona jina la mkewe, herufi kwa herufi, namba yake, mwezi wa tano. Mfumo ukakubali. Yakatokea machaguo matatu, makubwa, ya bluu kama zile irabu. Kidole chake tulikiona kivuli tu, kinasogea kwenye tatu.

Kikasimama.

"Ni namba tu, Dotori," akasema muuguzi, taratibu.

"Bonyeza, bwana!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Kidole kikabaki hewani. Kisha akakishusha, akajikohoza.

"Mtandao umekuwa mbaya," akasema.

Ukutani, mbele ya macho yetu sote, alama za mtandao zilikuwa zimejaa mpaka juu, ndefu kama minazi. Mimi tu nilicheka, na nikaukunja mdomo haraka.

Akatoka nje ya slaidi zake, akampigia fundi wa mji mkuu papo hapo, kwa sauti tuliyoisikia sote. Fundi alikuwa mezani, vijiko vinagongana. Akasema kumfuta mshiriki haiwezekani, idadi itashuka na wafadhili watauliza. Kulikuwa na nafasi moja tu, ya watu waliohama bila kuaga au ambao hawapatikani tena. Ukimweka huko, kompyuta haimpigii. Nafasi hiyo inaitwa amepotea.

"Mama," Dotori akamgeukia dada, na safari hii alisema kwa upole wa kweli, "itaandikwa kwamba hatujui uliko."

"Nyumbani kwangu wanajua niko wapi. Weka."

Akaweka. Dada akapotea mbele yetu, akasimama, akafunga leso yake vizuri, akaenda zake kuwahi kurudi kabla mama mkwe hajamaliza sala. Picha hawakupiga. Aliyebaki na kazi ni Dotori, kumtoa mkewe kwenye mfumo, na kwa kuwa njia ya kumtoa ilikuwa ile ile moja, mkewe naye akapotea jioni hiyo hiyo, mwezi wa tano, katika nyumba yake ya mji mkuu.

Jumatatu sikufungua kibanda. Nilikwenda kwa yule wa karibu na msikiti, nikajifanya nimekuja kumsalimia, nikanywa chai yake mbaya kuanzia asubuhi. Simu zake zikaanza. Hongera, mama mtarajiwa. Hongera. Akapokea moja baada ya moja, macho yamemtoka, tayari anajua jioni atasimulia nini. Simu ya plasta ya kijani ilikuwa kwenye kona ya meza, karibu na kiwiko changu. Nikaitazama mpaka nikaiona inalia wakati hailii. Haikulia. Mpaka adhuhuri haikulia. Mama mkwe akaja, akaichukua, akanisema mbele ya watu kwamba kumbe betri ni nzima.

Siku ya kuwasilisha matokeo walikuja wageni kutoka mji mkuu, kwa magari yenye vioo vyeusi, na sambusa. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuleta familia. Tumbo la dada liliingia kwanza, yeye akafuata, na mama mkwe amemshika mkono akiwatazama watu kana kwamba tumbo lile amelishona yeye kwa mkono. Alikuwa amekwishalitangaza kwa kila kiumbe. Ruhusa alipewa na leso, siku ilipokataa kufunga, na dada hakuwa na neno.

Dotori akaonyesha mchoro. Nguzo ndefu, karibu zifike darini. Karibu simu zote zilipokelewa, akasema, na zilisikilizwa mpaka mwisho. Wanawake wa pwani wana kiu kubwa ya maarifa. Wageni wakapiga makofi. Mimi mwenye kiu yenyewe nikapiga nao. Kwenye ripoti yangu nilikuwa nimemwandikia wazi kwamba aliyepokea na kusikiliza ni mchaji, na mchaji ni mimi. Akanirudishia na wino mwekundu pembeni: hicho ni kisa, si data. Alama nazo alinikata, kwa sababu mshiriki wangu pekee nilimpoteza.

"Katika eneo hili," akaendelea, bila kutazama upande wetu, "amepotea mshiriki mmoja tu."

Mama mkwe, ambaye Kireno anakiokota neno hapa neno pale, akamwinamia dada kwa mnong'ono uliosikika mpaka kwa madereva nje.

"Kapotea nani?"

"Mwanamke mmoja wa huku huku, mama."

"Masikini. Na wamemtafuta?"

"Hawajamtafuta," dada akasema, akachukua sambusa nyingine. "Alhamdulillahi."